Bunduki ya nkambo juu ya meza, na etikete iliyotugombanisha siku nne



Wale wanaonizoea hapa wanajua mimi ni mtu wa mahindi, muhogo na mbolea. Leo naomba ruhusa nitoke shambani kidogo. Komite ya chama chetu ilipanga siku ya kukutana na wazee hapa Kolwezi. Kila familia ilete kitu cha zamani kilichobaki nyumbani, sisi vijana tukipange juu ya meza, tuandike ni nini, na wazee waeleze. Vyungu na vikapu wakapewa wengine. Mimi nikaambiwa: "Weye utashugulika na meza ya silaha." Nikauliza kwa nini mimi. Wakajibu: "Kwa sababu weye njo uko na mukono ya kutunza bintu."

Njo vile nilijikuta na meza moja ya mita mbili, kitambaa kimoja, na vitu sita: mashoka mawili, mkuki, upinde, msalaba mdogo wa shaba, na bunduki moja ndefu ya kupakia kwa mdomo. Makala hii ni juu ya ile bunduki, na juu ya kipande cha karatasi tulichokiweka mbele yake.

Kazi ya namna hii si mpya duniani. Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya silaha za zamani. Wanakutana katika sali kubwa, kila mmoja anakuja na meza yake, anatandika kitambaa, anapanga panga na bunduki zake, anaweka kadi ndogo mbele ya kila kitu. Mgeni hagusi bila kuomba. Sheria ya Marekani inahesabu kuwa bunduki ya kale ni ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo. Hapa kwetu hakuna wakusanyaji wa namna hiyo. Kuna familia, na kuna kitu kimefungwa katika gunia juu ya dari, ambacho mzee mmoja tu anajua kimetoka wapi. Akifa yule mzee, kinabaki chuma.

Tulianza na sheria. Inchi yetu iko na ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985 juu ya silaha na masasi. Bunduki, hata ikiwa imezeeka namna gani, si kitu cha kutembeza barabarani ukisema ni ya kitamaduni. Tulipeleka barua mapema kwa wanaohusika, tukaandika orodha ya vitu, tukaahidi: hakuna baruti, hakuna masasi, na kila kitu kinarudi kwa mwenyewe jioni ileile. Musiruke hatua hii.

Kisha usalama. Bunduki ya kupakia kwa mdomo inaweza kukaa miaka na miaka na baruti ndani bila mtu kujua. Njia ya kupima ni rahisi. Chukua ufito wa kushindilia, ule unaoitwa mdeki, uingize polepole mpaka mwisho, huku mdomo wa bunduki ukiangalia mahali ambapo hakuna mtu. Weka alama ya kidole pale ufito unapotokea. Uchomoe, uulaze nje sambamba na mtutu. Ukifika mpaka kwenye tundu la moto, mtutu ni mtupu. Ukiishia mbali, kuna kitu ndani. Wa kwetu uliishia mbali, kama vidole vinne hivi. Tuliacha pale pale, tukaita mtu wa kazi hiyo. Alichotoa ni udongo mkavu wa nyigu. Tulicheka sana, lakini tulicheka nyuma yake, si mbele.

Sasa ni kosa langu mwenyewe. Mzee alipoleta bunduki ilikuwa nyeusi, imejaa moshi na mafuta ya zamani. Nikafikiri: watu watakuja, lazima ing'ae. Nikanunua karatasi ya msasa sokoni. Nilikuwa nimesugua sehemu ndogo, kama urefu wa kidole, wakati dada mmoja wa historia aliponishika mkono. "Unafuta nini pale? Unajua?" Sikujua. Akaniambia chuma cha zamani hakisuguliwi. Ule weusi wenyewe ni kinga, na chini yake ndipo kuna alama za aliyetengeneza. Tukachukua kitambaa cha pamba na tone la mafuta mepesi, tukapangusa bila haraka. Tangu saa ile hakuna aliyegusa chuma kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho liko na chumvi, na chumvi inaleta kutu. Kitako nilikikagua mimi, maana wadudu wa mbao ninawafahamu: palikuwa na matundu madogo, lakini hapakuwa na unga mpya unaoanguka, kwa hiyo wadudu walikwisha kuhama. Sikukianika kwenye jua kali. Mbao ya zamani inapasuka.

Mzee alikuwa na maneno yake tayari kwa ajili ya etikete. Alituambia:

"Andika hivi: hii bunduki, Msiri mwenyewe njo alipatia nkambo yangu. Mukono kwa mukono."

Kwa wale waliosahau darasa la historia: Msiri alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba ya huku. Katikati ya karne ya 19 Msiri akakaa kabisa, akajenga ufalme wake na mji wa Bunkeya, ambao leo uko ndani ya jimbo letu la Lualaba. Nguvu yake ilitembea pamoja na bunduki. Pembe za ndovu, shaba, chumvi, na pia watumwa, tusifiche, vilitoka. Bunduki, baruti na vitambaa viliingia, upande wa mashariki kwa njia ya Tabora, na upande wa magharibi kwa wafanyabiashara wa Bié, Angola. Shaba ya hapa hata iligeuzwa kuwa masasi.

Mwaka 1891 Basanga walikuwa wameasi dhidi yake, na Wazungu walikuwa wanakuja kwa misafara. Wa Alexandre Delcommune ulifika Bunkeya mwezi wa kumi, Msiri akakataa bendera ya Leopold. Delcommune akaondoka kuelekea Lualaba, akataka kuteremka mto kwa mitumbwi, akazuiliwa na maporomoko ya Nzilo, palepale kwetu. Baadaye, Wabelgiji walipojenga barrage ya Nzilo katika miaka ya 1950, waliipa jina lake. Yule aliyeshindwa na maji akapewa jina la maji! Mwezi wa kumi na mbili ukafika msafara wa kapiteni Stairs. Tarehe 20 desemba 1891 ofisa wa msafara ule, Mbelgiji Omer Bodson, alimpiga Msiri risasi na kumuua, na yeye mwenyewe akapigwa na mtu wa Msiri, akafa.

Basi, bunduki iliyotoka mkononi mwa Msiri lazima iwe imetengenezwa kabla ya desemba 1891. Shika tarehe hiyo.

Usiku wa pili, chini ya taa ya simu, dada wa historia alipangusa mtutu karibu na mtambo, upande ule ambao msasa wangu haukufika. Ikatokea alama ndogo kama yai: herufi E, L na G, na nyota chini yake. Hiyo ni alama ya Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza bunduki nyingi sana za kuuza Afrika. Kila mtutu ulijaribiwa kwa moto, ukipita unapigwa muhuri. Lakini juu ya yai lile palikuwa na taji dogo. Liège iliongeza taji kwenye muhuri wake mwaka 1893.

Mwaka 1893. Msiri alikuwa chini ya udongo tangu mwaka mmoja na zaidi.

Mimi kwanza nilikataa. Ile bunduki ni gumegume, inawashwa na jiwe, haina hata fataki. Nikasema, kitu cha namna hii ni cha zamani sana, Ulaya waliachana nacho mapema. Ni kweli waliachana nacho, lakini kwa matumizi yao wenyewe. Kwa Afrika waliendelea kukitengeneza, na kuna sababu ya sheria. Tarehe 2 julai 1890, Brussels, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mkubwa juu ya biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuingiza bunduki katika eneo kubwa la Afrika, toka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Kolwezi iko karibu digrii 11 kusini, kwa hiyo tulikuwa katikati. Waliacha mlango mmoja wazi: bunduki za jiwe, zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara. Maana yake, Mzungu alibaki na bunduki ya kisasa, na Mwafrika akaachiwa ile ya babu zake. Kwa hiyo, mukikuta gumegume kwenye familia, musiseme haraka "ni ya kabla ya ukoloni". Inawezekana kabisa ni ya ukoloni, na uzee wake ulipangwa mezani kule Brussels.

Sasa shida ilianza. Nani atamwambia mzee?

Wengine katika komite walisema tuandike alivyosema, ni siku moja tu, na ni heshima. Wengine walisema tuandike mwaka wa alama tu, maneno ya familia tuyaache. Mimi nilikuwa upande wa heshima, mpaka nilipojua jambo moja. Mtoto wa mzee aliniambia waziwazi kuwa watapiga picha ya meza pamoja na etikete yetu, na picha itaingia katika dosie yao ya udongo. Munajua hali ya hapa. Kila kilima kina mtu anayekitafuta, na familia ikionyesha kuwa nkambo wao alipewa bunduki na mfalme, inasema pia: sisi njo tulikuwa hapa, sisi njo tulitambuliwa. Karatasi yetu ya centimetre kumi ingeanza kutembea peke yake katika ma-biro, ikiwa na jina la chama cha watu waliosoma. Kuna familia nyingine upande wa pili wa dosie ile. Hao hawakuwa na meza.

Pale nilikumbuka kazi yangu. Katika agronomia, mfuko wa mbegu bila etikete si mbegu, ni chakula tu. Na etikete ya mbegu haisemi "mbegu nzuri sana ya baba". Inasema aina, mahali, mwaka, na nani aliizalisha. Mkulima anaweza kukueleza mengine kwa mdomo, na utamsikiliza, lakini huyachanganyi. Ukiyachanganya, mwaka ujao mwenzako anapanda kitu ambacho si chenyewe, na njaa ni yake.

Siku ya tatu nilienda kwa mzee pamoja na dada wa historia. Tulikaa, tukakunywa chai, tukaongea habari za mvua. Kisha tukampa miwani yake na kitambaa, tukamwonyesha taji. Tulimweleza mwaka. Hakukasirika haraka. Alikaa kimya, akageuza bunduki, akaniambia:

"Mutoto, weye unasoma chuma. Miye nasoma bantu."

Tukarudi nyumbani tukiwa hatuna jibu. Kesho yake asubuhi akanitumia mtu nirudi. Nilimkuta amekaa nje. Akasema: "Nilifikiri usiku. Ile Msiri alipatia nkambo, njo ile. Ilipasuka. Ingine ikakamata jina yake. Hii ni mutoto yake."

Bandugu, mutacheka kama mulizaliwa mbali. Lakini hapa kwetu hilo si neno la kujitetea. Kule Musumba, katika jimbo letu hilihili, mtu anayekalia kiti cha Lunda anaitwa Mwant Yav, leo kama zamani. Bunkeya, wafalme wa Bayeke wamerithishana jina la Mwenda, jina la Msiri mwenyewe. Mtu anakufa, jina linapata mwili mwingine, na yule mpya anaongea akisema "mimi" juu ya mambo ya yule wa zamani. Kama kiti kinarithiwa vile, kwa nini bunduki isirithiwe? Mzee huenda hakusema uongo hata siku moja. Yeye alikuwa anasimulia jina, sisi tulikuwa tunapima chuma.

Huenda, nasema. Inawezekana pia neno lile lilizaliwa usiku ule. Mimi sikuwa pale wakati wa nkambo. Kwa hiyo tuliandika etikete ya sehemu mbili, na mzee aliisoma kabla ya kuwekwa:

"Bunduki ya jiwe, ya kupakia kwa mdomo. Alama ya Liège yenye taji: ilijaribiwa mwaka 1893 au baadaye.
Familia inasimulia: ilirithi jina la bunduki nyingine, ambayo Msiri alimpa nkambo wao."

Mtoto wake hakufurahi. Alipiga picha hata hivyo. Akiiweka katika dosie, sehemu zote mbili zitaingia pamoja.

Kulikuwa na jambo la pili, la kupanga. Mashoka yaliletwa na familia za Kisanga, na mama mmoja alitangulia kutuonya: "Musiweke yetu chini ya ile ya Msiri." Alikuwa na sababu. Basanga waliasi dhidi ya Msiri. Alipokufa, mrithi wake Mukanda Bantu akashirikiana na Wazungu dhidi yao. Na miaka michache baadaye watu wa chifu Mulume Niama, Basanga waliokataa utawala wa Leopold, walifungiwa ndani ya pango, moto ukawashwa kwenye milango. Watu 178 walikufa humo. Huwezi kuweka shoka la watu hao kama pambo la pembeni ya bunduki.

Tukaamua kupanga kwa umri wa aina ya kitu, si kwa ukubwa wala kwa sifa. Shoka likawa la kwanza. Huku chini ya mto wetu, katika bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la Kamilamba, la zaidi ya miaka elfu moja, wakakuta shoka la heshima lenye misumari ya chuma kwenye mpini, na fuawe karibu na kichwa cha marehemu. Maana yake, kabla ya bunduki kufika, ukubwa hapa ulionyeshwa kwa kazi ya mhunzi. Kisha msalaba wa shaba, kama ile midogo iliyopatikana katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Si silaha, lakini bila shaba hakuna mfanyabiashara angekuja na bunduki. Kisha mkuki na upinde. Mwisho, bunduki. Mama akatembea mbele ya meza toka kushoto mpaka kulia, akasema: "Sawa. Hapa inasoma."

Kuna namna nyingine ya kuonyesha silaha zetu, na ilishafanywa. Mwanajeshi Mbelgiji Émile Storms, ambaye watu wake walimuua chifu Lusinga kule Marungu mwaka 1884, alirudi na vitu vingi vya huko, hata kichwa cha Lusinga. Nyumbani kwake karibu na Brussels silaha zilipamba ukuta. Zinapendeza kwa macho, mikuki imepangwa kama mkia wa tausi. Lakini ukuta wa namna ile unasema jina la mtu mmoja tu, yule aliyezichukua. Sisi tulitaka meza iseme majina mengine.

Siku yenyewe watu walikuja wengi. Saa tisa hivi mama mmoja mwenye umri alisimama mbele ya bunduki, hakusoma etikete. Akasema: "Mwaka wa 78 tulilala chini ya kitanda siku nyingi. Miye bunduki haina tamaduni." Munajua anaongea nini: mei 1978, waasi waliingia Kolwezi tarehe 13, na paras wa Ufaransa waliruka tarehe 19. Huko Ulaya jina la mji wetu linajulikana kwa wapenzi wa mambo ya jeshi kwa sababu ya siku ile. Nilimpa kiti. Sikumjibu kitu. Tulikuwa tumekataa silaha yoyote ya vita vya karibu kwenye meza ile, na nilipomwona nilijua tulifanya vizuri. Baada ya muda aliomba aelezwe yale mashoka.

Jioni tulifunga kila kitu katika kitambaa kikavu, kila familia ikatia sahihi, na vitu vikarudi nyumbani. Bunduki nayo imerudi juu ya dari. Tofauti ni kwamba sasa iko na karatasi ndani ya gunia lake, pamoja na mfuko mdogo wa mchele uliokaangwa mpaka kukauka kabisa, ule tunaotumia kuvuta unyevu katika mbegu.

Nyinyi munaosoma, nendeni likizo hii muulize kuna nini juu ya dari. Musisugue. Musivute mtambo. Pigeni picha ya kila alama, hata ile musiyoielewa, kisha mukae na mzee na muandike anavyosema, neno kwa neno, kwenye mstari wake wa peke yake. Na kama alama na mzee havikubaliani, musichague haraka. Rudini kesho yake asubuhi, mzee atakuwa amefikiri usiku.